Meli ya Kitalii: Raha au Gharama Tu?

Mwezi huu mimi na mzee wangu tumebishana kweli kweli. Yeye anataka likizo ya wiki moja kwenye meli ya kitalii: Barcelona, Marseille, Genoa, Roma. Mimi nikasema hizo hela bora tumalizie nyumba. Basi tukakaa chini, tukapiga hesabu.

Meli ina raha yake, tusidanganyane. Chumba, chakula na burudani za jioni zimo ndani ya bei. Begi unalifungua mara moja tu, mji mpya unakufuata dirishani. Lakini bei huandikwa kwa mtu mmoja, mkilala wawili chumbani. Pombe, intaneti na matembezi ya mjini kwa kawaida ni juu yenu, na kampuni nyingi hukata bakshishi kila siku. Hiyo "Roma" nayo ni bandari ya Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka mjini, kwa hiyo saa kadhaa zinaishia njiani. Na meli ikigusa Tunisia au Uturuki kisha ikarudi, ombeni viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja.

Je, inalipa? Mkitaka kupumzika pamoja, ndiyo. Mkitaka kuijua miji, pandeni treni.

Nyumbani kwetu, kumbe hoja haikuwa meli. Mwenzangu alitaka siku saba nisishike simu ya ofisini. Hapo nilinyamaza. Muulize na wako, kabla hamjalipa.

Tukutane mwezi ujao!