Goti Bandia: Tupime Kazi, Si Bei

Aliyekatwa mguu chini ya goti amepoteza mengi, lakini goti lake lingali likimsimamisha. Aliyekatwa juu ya goti hana hata hilo, na kila kitu chategemea goti atakalopewa.

Goti lililo rahisi kuliko yote ni la bawaba moja. Hudumu, na fundi hulirekebisha bila taabu. Lakini likijikunja wakati uzito umeliegemea, mwenyewe yuko chini. Kwa kuhofia hilo hutiwa komeo, naye akatembea mguu umekakamaa kama mchi, akiuzungusha pembeni kila hatua. Goti la bawaba nne ni bora zaidi: kisigino kigusapo ardhi, kitovu cha mkunjo huwa nyuma ya mstari wa uzito, likasimama imara, na mguu uinukapo hujifupisha kidogo, vidole visikwae. Kwa msingi huo huo wataalamu wa Jaipur, India, pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, walibuni goti la nailoni ambalo gharama yake ilitajwa kuwa dola 20 hivi.

Halafu liko goti lenye kompyuta ndani yake. C-Leg ya kampuni ya Otto Bock ya Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1997, ilipima mwendo mara 50 kwa sekunde na kukaza au kulegeza mafuta yaliyomo kwa kadiri ya hatua. Wavaaji wa magoti ya namna hii huanguka mara chache zaidi. Hilo hatulikanushi, wala hatumlaumu anayelitamani. Lakini lataka umeme, na likiharibika fundi wa wilaya hana la kufanya.

Sasa mkulima wa Rombo, ashukaye mteremko wa matope akiwa na mkungu wa ndizi begani, apewe lipi? Wako wasemao komeo lamtosha maskini. Hatukubaliani nao hata kidogo. Komeo ni la mzee au mgonjwa aliyedhoofu, si la mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Moshi kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Kwa hiyo ujuzi hautoki mbali. Goti la bawaba nne ndilo liwe la kawaida katika hospitali za mikoa, na bajeti itaje waziwazi fedha za vipuri na za kubadilisha kikombe kigutu kinaposinyaa, maana kikombe kikilegea hata goti la kompyuta huachwa uvunguni.