Remmy Ongala ni wetu pia, tusimwachie Tanzania peke yake

Tarehe 13 mwezi wa 12, mwaka 2010, Dar es Salaam ilimpoteza Remmy Ongala. Watanzania walimlilia kama mwana wa inchi yao, na walikuwa na haki. Lakini mtu huyo alizaliwa Kindu, katika Maniema, mwaka 1947. Ni mwana wa mashariki ya Congo, na huku kwetu Uvira tarehe hiyo inapita kila mwaka kama siku nyingine yoyote. Wanaomkumbuka ni wachache, na wengi wao wana mvi.

Jina lake la kuzaliwa ni Ramazani Mtoro Ongala. Alianza muziki huku Congo akiwa kijana, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaongoza Super Matimila. Mwaka 1988 alialikwa Uingereza kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, nyota wa muziki wa roki, ikatoa albamu yake « Songs for the Poor Man », nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Gitaa lake lilikuwa la rumba ya kwetu, ila maneno yalikuwa Kiswahili. Muziki wake aliuita « ubongo », kwa sababu alitaka watu wacheze na wafikiri kwa pamoja.

Na kweli alifikirisha. Aliimba juu ya kifo, juu ya mnyonge asiyesikilizwa, juu ya mtu asiye na kitu mbele ya mwenye mali. Watu wakamwita Dokta. UKIMWI ulipoanza kumaliza vijana, na wakubwa wengi wakaona aibu kuusema, yeye aliimba « Mambo kwa Soksi », akawashauri watu watumie kondomu. Redio ya serikali ilikataa kuupiga wimbo huo. Watu wakauimba bila redio. Msanii wa namna hiyo hasubiri ruhusa ndipo aokoe maisha ya watu.

Wako watakaosema: aliondoka mwenyewe, akaimbia Watanzania, basi ni wao. Sikubali. Mtu hagawanywi kama shamba. Tena, nani Uvira anaweza kumlaumu mtu kwa kuvuka? Tangu vita vya 1996, wakaaji wa Uvira na Fizi wamevuka ziwa kwenda Kigoma, na maelfu wamekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2025 wengine kutoka bonde la Rusizi wamevuka mto kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea. Mimi mwenyewe nilimjua Remmy kupitia kaseti ambazo mjomba wangu alirudi nazo kutoka Nyarugusu. Katika kambi zile, sauti ya mtu wa Kindu anayependwa na wenyeji ilikuwa ushahidi kwamba Mkongomani si mzigo kokote anakofika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dokta Remmy aliutimiza msemo huo.

Watanzania hawakusahau. Huko Sinza, Dar es Salaam, alikoishi, kuna mahali ambapo mpaka leo panaitwa « kwa Remmy ». Hakuna aliyehitaji amri ya serikali ili kupaita hivyo.

Sisi je? Papa Wemba alipofariki Abidjan mwezi wa 4, 2016, mwili wake ulirudishwa Kinshasa na taifa likamwaga kwa heshima. Alistahili. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urithi wa dunia. Tulifurahi wote. Lakini tukitaja urithi huo, majina yanayosikika ni ya Kinshasa na Brazzaville, na lugha inayosikika ni Kilingala. Congo ina lugha nne za taifa. Rumba iliyoimbwa kwa Kiswahili na mtoto wa Maniema ni rumba ya Congo pia, na ikiwa sisi wa mashariki hatusemi hivyo, hakuna atakayesema kwa niaba yetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi. Redio za Uvira, Baraka na Kalemie zimpe Remmy saa moja kila tarehe 13 mwezi wa 12, na zieleze vijana alikotoka. Walimu wa Kiswahili watumie maneno ya nyimbo zake darasani. Na SOCODA, inayosimamia haki za watunzi, iwafikie wanamuziki wa Mulongwe, Kalundu na Kavimvira, iwaonyeshe namna ya kuandikisha kazi zao.

Hilo la tatu ndilo kubwa. Remmy hatuwezi tena kumfanyia kitu zaidi ya kumsikiliza. Lakini usiku huu kuna kijana hapa Uvira anayetunga wimbo kwa gitaa la kuazima. Tukimpuuza, naye atavuka, na siku moja tutasoma habari ya kifo chake katika gazeti la inchi nyingine.