Moto si Mauti, Washairi!

Nimechoka, jamani. Kila nikifungua diwani mpya au shairi la mtandaoni, moto ukiwaka tu, basi habari imekwisha: majivu, mayatima, jangwa. Na pasipokuwa na miti, mshairi anapaita "pori tupu", kisha beti la mwisho anatuhimiza tupande miti. Hebu tukaione kwanza hiyo mimea tunayoitungia maombolezo.

Kule Rasi, Afrika Kusini, kuna vichaka viitwavyo fainbosi. Humo limo ua wanaloliita yungiyungi la moto. Tunguu lake, mfano wa kitunguu, hukaa ardhini miaka na miaka likitoa majani tu, ua hulioni. Moto ukipita, moshi ndio unaoliamsha. Wiki mbili hazijaisha, maua mekundu yamesimama juu ya masizi, majani yenyewe bado hayajachomoza. Jirani zake protea, nyingi kati yao hubana mbegu ndani ya vichwa vikavu, zikingoja moto uvifungue. Mwaka 1990 watafiti wa huko walionyesha kwamba moshi peke yake, bila miali, waweza kuziotesha mbegu za mmea wa vichaka hivyo. Moshi! Sisi tumeutumia kwa macho ya wajane tu.

Mtaniuliza: kwa hiyo tuchome? Msinigeuzie maneno. Moto ukirudi mapema mno, protea changa huungua kabla hazijazaa mbegu, na hapo ndipo lile jangwa lenu linapokuja kweli. Lakini adui mwingine wa maua yale ni mti. Ndiyo, mti! Misonobari iliyoletwa kutoka ng'ambo imevamia milima ya Rasi, inakunywa maji, inaifunika mimea ya asili, na ikishika moto huwaka kwa ukali zaidi. Kuna watu kazi yao ni kupanda milimani na misumeno kuikata. Sasa hao tuwasomee beti gani la "panda mti"?

Wala msidhani ni mambo ya Rasi peke yake, eti nyasi zetu hazina hadithi. Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni nyasi tupu kwa macho ya mpita njia, kwenye mita 2,600 hivi. Wenyeji walishapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Hata wanaochimba viazi vya okidi kuviuza vipikwe chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, wanajua pale chini kuna kitu, ingawa wanakimaliza.

Mimi shairi la kwanza nitakalokuta lina kiazi kilicholala chini ya nyasi nitalisifu hapa hapa, hata vina vyake vikiwa vibovu.