Maji Hayazai Baridi

Wiki hii twajibu swali la mama mmoja aishiye Dagahaley, kaunti ya Garissa. Mwanawe ana kompyuta ya michezo, ambayo pia huifanyia masomo yake, na dada mtu huitumia kwa kazi za kuandika. Kila alasiri mchezo ukikolea, kompyuta hiyo huvuma, huanza kujikokota, kisha huzimika ghafla. Kijana ameomba anunuliwe vifaa vya kuipoza kwa maji. Fedha zilizopo ni za karo ya muhula ujao. Mama auliza: je, zikitumika hivyo zitakuwa zimewekwa mahali pake?

Yapasa kwanza tufahamu kazi ya maji ndani ya kompyuta. Bamba la shaba hukaa juu ya prosesa, iliyo ubongo wa mashine. Pampu husukuma maji yapite ndani ya bamba, yapokee joto, yaende nalo hadi kwenye rejeta. Hapo feni hupitisha hewa ya chumbani, na joto humwagwa ndani ya hewa hiyo. Ni mwendo ule ule wa rejeta ya gari. Basi maji hayazai baridi. Hubeba joto tu, na hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa juu yake.

Wengi wetu hukosea hapa kwa sababu ya mtungi. Tumezoea kuona maji ya mtungi yakipoa hata siku ya jua kali. Lakini mtungi hupoza kwa kutoa jasho: maji hupenya udongo, hukauka nje, na katika kukauka huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi hupungua maji, na hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Garissa kuliko katika unyevu wa Mombasa. Maji ya kompyuta yamefungiwa ndani ya mipira. Hayatoi jasho, na kwa hivyo hayana baraka hiyo ya mtungi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme prosesa hufikia nyuzi 80 ikifanya kazi nzito katika chumba cha Nairobi chenye nyuzi 22. Tofauti ni nyuzi 58. Ipeleke kompyuta hiyo hiyo Dagahaley, chini ya mabati, chumba kikiwa na nyuzi 37. Tofauti hubaki karibu ile ile, na prosesa sasa hufikia 95. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Rejeta kubwa yaweza kuipunguza tofauti hiyo, lakini zile nyuzi 37 za chumba haiwezi kuzigusa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, ugonjwa na ujulikane. Ziko programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa na la kadi ya picha. Kijana na aiwashe mojawapo, acheze, aandike namba zilizoonekana kabla ya kuzimika. Kama joto liko chini ya nyuzi 80, yamkini tatizo ni umeme. Dagahaley nyumba na maduka mengi hutegemea jenereta za watu binafsi, na umeme ukiyumba, kompyuta huzimika hata ikiwa baridi. Dawa yake basi ni kidhibiti umeme, maji hayatasaidia. Tena, kama kinachochemka ni kadi ya picha, na katika michezo mara nyingi ndiyo, kipozeo cha prosesa hakitaigusa kabisa.

Likithibitika kuwa ni joto, vumbi lishughulikiwe kwanza. Kompyuta izimwe, ichomolewe, itolewe nje, ifunguliwe, na vumbi liondolewe kwa brashi laini. Feni zishikwe kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza. Dawa ya kupitishia joto, ile mafundi waiitayo pesti, iliyo kati ya prosesa na kipozeo chake, hukauka kwa miaka, ibadilishwe. Kompyuta ikae juu ya meza, mbali na sakafu na ukuta, na dirisha liwe wazi ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Katika mchezo wenyewe, idadi ya picha kwa sekunde ifungwe kwenye 60. Na michezo mizito ihamishwe kutoka alasiri hadi baada ya Isha, hewa inapopoa.

Ikiwa baada ya hayo bado kipozeo kipya chahitajika, sisi twapendekeza kile kikubwa cha hewa: mnara wa mapezi ya madini wenye feni moja au mbili. Kinachozunguka humo ni feni tu, nayo ikifa, feni nyingine hufungwa mahali pake. Pampu ya maji ikifa, prosesa huchemka mara moja, na kifaa kilichonunuliwa Nairobi kitarudishwa safari ya karibu kilomita 470 kupitia Garissa ili kidai dhamana.

Anayeshikilia maji basi na achague kifaa kilichokwisha kufungwa kiwandani, wala asiunganishe vipande mwenyewe. Apime kasha kwanza: rejeta ya milimita 240 huhitaji nafasi ya feni mbili za 120. Ahakikishe kishikizo chake chalingana na prosesa yake. Akikifunga, pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote, kwa kuwa hewa hupanda na kukusanyika juu, na pampu ikimeza hewa huharibika. Wa kuunganisha vipande asichanganye rejeta ya alumini na bamba la shaba, maana moja huliwa na kutu. Na kamwe asitie maji ya kisima. Visima vya Dadaab huteka kutoka hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti. Maji hayo yana chumvichumvi, na chumvi huganda katika mifereji myembamba ya bamba na kupitisha umeme yakivuja. Atumie kioevu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na aiendeshe pampu peke yake siku nzima, karatasi za shashi zikiwa zimetandazwa chini ya viungio, kabla ya kuwasha kompyuta.

Basi jibu letu kwa mama ni hili: karo ibaki karo. Lakini kijana asikatazwe kwa ukali, kwani aombaye kuokoa mashine inayotumiwa na nyumba nzima hajaomba upuuzi. Akae na dada yake, wasafishe vumbi, waandike namba za joto kwa wiki moja, kisha walete karatasi hiyo mbele ya wazazi. Namba zikionyesha kuwa mnara wa hewa wahitajika, familia itajua inanunua nini na kwa sababu gani.

Wabillahi tawfiq.