Tazama Nepi Kabla ya Kuifua

Ukimwambia mtu kwamba mtoto wa miezi miwili amekutwa na mawe ya nyongo, atadhani unamtania. Tumezoea kuyasikia kwa watu wazima, ambao mawe yao mengi hutokana na lehemu. Kwa watoto wachanga ni nadra, na vyanzo huwa vingine: chembe nyekundu za damu kuvunjika kwa kasi, pengine kwa kuwa damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, kuzaliwa njiti na kulishwa kwa dripu wiki kadhaa, mfuko wa nyongo ukakaa bila kazi, maambukizi makali, au mirija ya nyongo iliyoumbika vibaya. Wakati mwingine chanzo hakionekani kabisa, na mawe yakayeyuka yenyewe bila kisu.

Basi siandiki ili ulale macho. Nakuomba jambo moja lisilo na gharama: kabla hujaiosha nepi, itazame kwenye mwanga wa mchana. Choo cha mtoto anayenyonya huwa cha njano, hata kijani mara nyingine, na hicho hakina neno. Kinachotisha ni choo kilichopauka, cheupe kama ugali wa muhogo, kwa maana nyongo haifiki kwenye utumbo. Tazama na mkojo. Wa mtoto mchanga karibu hauna rangi. Ukiacha doa la njano iliyokolea kwenye kitambaa, usingoje siku ya kliniki.

Mtoto akiwa na macho ya manjano, najua bibi atasema atolewe nje aote jua. Bibi zetu wametulea, nawaheshimu, lakini jua la asubuhi halizibui mrija. Macho yakibaki na manjano baada ya siku 14, omba kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu. Haraka hii ina sababu. Mawe mara nyingi yanaweza kusubiri. Mirija ya nyongo iliyoziba kwa mtoto mchanga haisubiri. Upasuaji wake, uliobuniwa na daktari Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950, hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60. Taiwan imekuwa ikiwapa wazazi wote kadi ya rangi za choo tangu 2004. Karatasi tu yenye picha! Sioni kinachozuia kadi zetu za kliniki kuwa na ukurasa kama huo.

Kwenu wenye maduka ya dawa, ombi langu ni zito kidogo. Seftriaksoni imekuwa sindano ya kila homa mitaani. Dawa hiyo hushikana na kalisi ndani ya mfuko wa nyongo na kufanya tope linaloonekana kama mawe kwenye ultrasaundi. Kwa kawaida huondoka dawa ikisimamishwa, ila kichanga mwenye manjano hatakiwi kuchomwa kabisa. Mama akija na mtoto wa namna hiyo, mwelekezeni hospitali, hata kama mauzo yatapotea.

Nanyi wauguzi, foleni ni ndefu na mnachoka, tunaona. Hata hivyo, baada ya mizani, ulizeni: choo chake kina rangi gani? Mama asiyejua kukieleza aje na nepi yenyewe ndani ya mfuko wa plastiki. Picha ya simu hudanganya rangi. Na baba, wewe nawe zamu yako ya kubadilisha nepi ipo.