Reli Ikitulia, Amana Hutimia



Juma lililopita, katika karakana yetu ndogo iliyo uani, tuliharibu ubao wa watu. Jirani yetu, mama mwenye mayatima, alituletea ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, tumtengenezee kabati la nguo za wanawe. Tuliupasua kwa msumeno wa umeme upitao juu ya reli ya aluminiamu, chombo ambacho kazi yake ni kunyoosha mkato. Lakini katikati ya mkato reli ilisogea, na ubavu wa kabati ukaenda upande kwa milimita 3.

Kijana wetu alisema, "Mama, tukiziba kwa gundi na unga wa mbao, nani atajua?"

Tulimjibu kwamba mlango utajua, kwani hautafunga. Na kabla ya mlango, Mola wetu amekwisha kujua. Suratul Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo, nasi hatukutaka kuwa miongoni mwao. Tulimweleza jirani ukweli, tukanunua ubao mwingine kwa fedha zetu. Kisha, kabla ya kuukata, tuliketi tukatafuta makosa yetu.

La kwanza lilikuwa vumbi. Chini ya reli mna mikanda laini inayoshika ubao, lakini hushika ubao safi tu. Unga wa mbao ukiingia kati, reli huteleza kama ndara kwenye sakafu yenye mchanga. Sasa twapangusa ubao na mikanda kabla ya kila mkato.

La pili, tuliitegemea mikanda peke yake. Reli ina mfereji upande wa chini, na vibano huingizwa humo, kimoja kila ncha, visiuzuie msumeno kupita. Twatia alama mbili, mwanzo na mwisho wa mkato, twakaza vibano, kisha twazitazama alama tena, maana kule kukaza kwenyewe kwaweza kuisogeza reli.

La tatu, ndilo lililotuponza, lilikuwa waya. Waya wa msumeno ulinasa kwenye ncha ya reli. Tukausukuma msumeno kwa nguvu, na reli ikafuata. Sasa twaupitisha waya begani, na umeme ukiwa umezimwa twausukuma msumeno mwanzo hadi mwisho, tuone kama kuna kinachozuia.

Reli nayo iwe ndefu kuliko mkato, ipite ubao pande zote mbili, ili msumeno utulie juu yake kabla ya kugusa mbao. Reli ya milimita 1400 yatosha upana wa ubao. Kwa urefu wake huunganishwa mbili, na unyoofu wake hukaguliwa kwa rula ndefu ya chuma. Ubao uegemezwe pande zote mbili za mkato, usije ukalegea ukaubana msumeno na kuurusha nyuma. Meno yatokeze chini ya ubao kwa milimita chache tu. Na sisi kina mama, tukunje mikono ya nguo, leso na buibui tuziweke mbali.

Asiye na reli asikate tamaa. Upau ulionyooka, uliobanwa ncha zote mbili, utauongoza msumeno wa kawaida, mradi apime kwanza umbali kutoka kwenye meno hadi ukingo wa kitako cha msumeno.

Kabati la jirani yetu limekwisha, na milango yake yafunga bila kusukumwa. Ule ubao wa kwanza tumeufanya rafu za jikoni kwetu, na kijana wetu ndiye aliyezipigilia. Kila apitapo hapo huziona.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitengeneza kazi zetu vyema, zionekanazo na zisizoonekana. Amin.