Mizani Moja kwa Damu na kwa Mwili

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Afisa Mkuu Mtendaji wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, Nairobi

Mbita, Kaunti ya Homa Bay

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa niwaandikie mbele ya macho ya watu wote, kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wote, na kwa kuwa hukumu mnazozikata huko Nairobi hazikomi Nairobi, bali husafiri mpaka huku kwetu ukingoni mwa ziwa, zikaingia katika vibanda vya mabati, zikakaa vichwani mwa watoto ambao kuwafundisha kusoma na kuandika ndiyo kazi niliyoimalizia umri wangu.

Aijuaye Mbita anajua kwamba maisha yetu hufuata mwezi, kama ya ndugu zetu wa pwani yafuatavyo bamvua na maji mafu. Omena, dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea juu ya maji, na mwezi unapopevuka nuru ya taa hupoteza mvuto wake, mashua zikapumzishwa ufukweni, na vijana waliozoea kukesha ziwani wakatafuta mahali pa kupitishia saa zao. Mahali hapo aghalabu ni kibanda cha video: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, spika mbili, na filamu ya kigeni ambayo juu yake husikika sauti ya DJ Afro akiwasimulia watazamaji kila ngumi na kila risasi. Mchana, hasa wakati wa likizo ya shule, watoto huwa wengi kuliko wavuvi.

Likizo moja niliingia katika kibanda cha namna hiyo nikimtafuta mjukuu wangu. Nilimkuta amekaa benchi la mbele pamoja na wenzake wa gredi ya tatu, na katika filamu ile mtu mmoja mwenye upanga alikuwa akiwakata watu, na watoto wakiwahesabu kwa sauti moja walioanguka, kumi na mmoja, kumi na wawili, kumi na watatu, vilevile kama tunavyowafundisha kuhesabu darasani. Punde upanga uliwekwa chini, shujaa akarudi nyumbani kwake, akamkumbatia mkewe ili ambusu. Hapo mwenye kibanda aliinuka kwa haraka, akashika rimoti, akaipeleka filamu mbele mpaka mke akatoweka, kisha akanigeukia kwa adabu akaniambia, “Mwalimu, hapa kuna watoto.” Akaketi, na upanga ukaendelea.

Sikumlaumu, na simlaumu hata leo. Mtu yule ana haya, na haya ni tabia njema. Alilolifanya kwa rimoti yake ndilo ambalo yeye na mimi tumeliona likifanywa na wakubwa wetu kwa mihuri yao. Ndiyo maana barua hii haikwenda kwake, imekuja kwenu.

Januari 2014 Bodi yenu iliipiga marufuku filamu ya The Wolf of Wall Street. Februari 2015 ikafuata Fifty Shades of Grey. Mwaka 2016 mliamuru busu liondolewe katika tangazo la soda ya Coca-Cola. Juni 2017 mkazitaka katuni sita ziondolewe hewani. Na Aprili 2018 mkaifungia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, hata ikalazimu Mahakama Kuu, mnamo Septemba, iifungue kwa siku saba tu ili watu wazima waitazame. Katika orodha hii nimeitafuta damu kuwa ndiyo sababu ya kufungia, nisiione. Najua kwamba alama zenu, tangu GE na PG mpaka 16 na 18, hupima mapigano na mauaji pia, na nisingetenda insafu kama ningelificha hilo. Lakini damu hupewa alama na mwili hupewa kufuli. Mimi niliyeishi miaka mingi na kusikiliza redio kila asubuhi sikumbuki hata mara moja nilipolisikia tangazo zito la namna ile likitolewa juu ya filamu kwa sababu tu ya wingi wa maiti waliomo.

Mtaniambia kwamba sheria ndiyo iliyowafunga mikono. Sheria mnayoitumia, ile ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ilitungwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nayo ilirithi fikira za amri ya kikoloni ya mwaka 1912. Na wakoloni walipokata filamu walikuwa na hofu zao wenyewe, hofu ya Mwafrika kumwona Mzungu akipigwa, na hofu ya Mwafrika kumwona mwanamke wa Kizungu asiyejisitiri. Hata hivyo, sheria hiyo iliwaamuru muulinde utulivu wa umma na staha pamoja, wala haikusema kwamba staha ni nusu moja ya mwanadamu na uhai wake ni nusu nyingine isiyotuhusu. Na ikiwa mnataka sheria iliyo kubwa kuliko hiyo, someni Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010, ile inayompa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha tazameni mambo yaliyotolewa nje ya uhuru huo: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, maneno ya chuki, na utetezi wa chuki. Yote manne ni ya jamii ya damu. Wakenya, walipoiandika Katiba yao wakiwa bado wanawalilia watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, walijua ni jambo gani lililowachoma.

Sasa niruhusuni niwaonyeshe hasara ya mizani hii mahali nilipo. Machi 2013 tangazo la televisheni lililowausia watu wazima watumie kondomu liliondolewa hewani kwa sababu viongozi wa dini walilalamika kwamba linahalalisha uzinzi. Siwadharau viongozi hao. Mimi mwenyewe ni mtu wa ibada. Lakini tangazo lile lilipozimwa, huku kwetu hapakuzimwa kitu kingine chochote. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika Homa Bay wasichana 33 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni waja wazito, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 18. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu yetu ilishuka ikawa 23, na ya nchi 15, na ndugu zetu wa Migori walikuwa na 23 vilevile. Nashukuru kwa kushuka huko, lakini nyuma ya kila tarakimu namwona msichana niliyemjua kwa jina, aliyekaa darasani mwangu, ambaye hakuna mkubwa aliyemweleza mwili wake kwa maneno safi kabla mvulana hajamweleza kwa maneno machafu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeuficha mpaka watoto wamezaa.

Kuna desturi moja ya ufukweni ambayo kila mtu huku anaijua kwa jina la jaboya, ya mvuvi kumdai mwanamke mchuuzi mwili wake kabla ya kumuuzia samaki. Desturi hiyo imeleta maradhi, imeleta mayatima, na imewadhalilisha akina mama ambao kosa lao ni ufukara. Nawauliza, kwa ukweli wa moyo wangu: akitokea kijana wa Mbita au wa kisiwani Mfangano akatengeneza filamu ya kweli juu ya jaboya, ambayo haimvui mtu nguo kwa kumstarehesha mtazamaji, lakini pia haigeuzi uso, mtampa alama gani? Na mwenzake akitengeneza filamu ya wezi wanaouana kwa bunduki katika ufuko huohuo, mtampa gani? Nachelea kwamba wa kwanza ataitwa Nairobi kujieleza, na wa pili ataonyeshwa saa nane ya mchana.

Wala msinidhanie kuwa nasema filamu humfanya mtu kuwa muuaji. Nimefundisha wavulana wengi waliopenda filamu za ngumi, na wengi wao ni baba wema leo. Nasema hivi tu, kwamba moyo huzoea kile unachopewa, na nchi ambayo katika uchunguzi uleule wa 2022 wanawake 34 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kupigwa au kuumizwa tangu walipotimia miaka 15, nchi ambayo wanawake wake waliandamana mitaani tarehe 27 Januari 2024 kuyalilia mauaji ya wenzao, haina uwezo wa kufanya pigo kuwa jambo la kuchekesha na kumbatio kuwa jambo la kuficha. Mtoto aliyezoezwa hivyo hujifunza, bila ya mwalimu, kwamba kumgusa mtu kwa upendo ni aibu na kumgusa kwa upanga ni ushujaa.

Na jambo lililo zito zaidi ni kwamba damu tunayoiachia ni ya uongo, na ile ya kweli ndiyo tunayoifunika. Tarehe 30 Desemba 2007 Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja, wakati ambapo mwananchi alihitaji sana kujua ni nini kinachompata jirani yake. Na tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya utangazaji viache kuonyesha maandamano, hata mahakama ikalazimika kuisimamisha amri hiyo. Amri hizo hazikuwa zenu, nami siwatwiki mzigo wa wengine. Lakini ukiziweka kando ya desturi yetu utaona kwamba Mkenya ameruhusiwa kuona maiti elfu wa kubuniwa ili afurahi, na akazuiwa kuona mmoja wa kweli asije akauliza.

Hata hivyo haya ya damu tunayo, haijafa. Septemba 2013, siku za shambulio la Westgate, gazeti la Daily Nation lilipoweka picha ya mwanamke anayevuja damu katika ukurasa wa kwanza, wasomaji walighadhibika, na gazeti likaomba radhi. Hakuna bodi iliyowaamuru wakasirike. Na huko Uswidi, wakaguzi wa filamu walioanza kazi mwaka 1911 walidumu karibu miaka mia moja, na katika miongo yao ya mwisho walikuwa wakali kwa ukatili na wapole kwa mwili. Mizani ya namna nyingine si muhali.

Kwa hiyo naleta kwenu maombi matatu. La kwanza, kila mnapotoa au mnapozuia ruhusa, tangazeni sababu zenu juu ya ukatili kwa urefu uleule mnaoutumia juu ya mapenzi, na katika hukumu mjiulize kama filamu inaonyesha maumivu ya aliyepigwa na machozi ya waliofiwa, au inahesabu maiti tu. La pili, tumeni watu wenu katika vibanda vya ufukweni wakati wa mchana na wakati wa likizo, si kwa kuvifunga wala kuwanyang’anya watu riziki, bali kwa kukaa na wenye vibanda, walimu wakuu, na kamati za usimamizi wa fukwe (BMU), na kuwapa alama zenu zimeandikwa kwa Kiswahili na Dholuo, ili mtu asiyejua PG ni nini ajue ni filamu gani asiyopaswa kumwonyesha mtoto wa miaka minane. La tatu, wekeni njia nyepesi na isiyo na gharama kwa filamu zinazofundisha juu ya mwili, uzazi, maradhi na heshima ya ndoa, ili asiyekuwa na nia ya uchafu asihukumiwe pamoja na mchafu.

Siombi milango yote ifunguliwe. Mimi ni babu, na yapo mambo ambayo nisingependa mjukuu wangu ayaone kabla ya wakati wake, ya mwili na ya damu pia. Naomba tu kwamba mlinzi wa mlango awe na macho mawili.

Jioni ya siku ile ya kibandani, tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, akina mama wakianua omena waliowaanika juu ya nyavu, mjukuu wangu aliniuliza, “Babu, yule mke alifanya kosa gani mpaka akatolewa?” Nilitafuta jawabu njia nzima, na sikulipata. Nimeona niwaletee ninyi swali lake, kwa kuwa ninyi ndio mnaoweza kulijibu kwa kitendo.



Mwalimu mstaafu,
Mbita